Mitetea sita wageni na banda walilolikataa kila magharibi: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha mitetea sita waliohamia nyumba moja ndani ya wiki moja, kutoka sehemu mbili tofauti, wakakataa kabisa kuingia bandani jioni. Mwenyewe, jirani yangu, alikuwa amejiandaa vya kutosha. Alijenga banda jipya la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini, likiwa na kilango cha kuku, ubao wa kupandia, viota, ufito wa kulalia, na mbele yake ua uliozungushiwa wavu. Mchana kuku walikuwa wazima: wanakula, wanaparura, wanaoga vumbi. Ikifika magharibi, kazi inaanza. Watu wa nyumba nzima wanatoka na fimbo na taulo, wanawakimbiza, wanamkamata mmoja mmoja, wanamsukuma ndani na kufunga. Kesho yake ni yale yale.

“Jirani,” aliniambia, “hawa kuku wana nini? Asubuhi wanatoka humo humo ndani, kwa hiyo nyumba wanaijua. Mbona jioni wanaikimbia?”

Nimeamua kukieleza kisa chote kwa urefu kwa sababu jibu halikuwa moja. Dalili ilikuwa moja kwa kuku wote sita, lakini sababu zilikuwa tatu, na ya tatu haikuonekana hata kidogo mpaka mbili za kwanza zilipoondoka. Ushauri mwingi unaotolewa juu ya jambo hili huwachukua kuku kama kitu kimoja: wafungie siku kadhaa, watazoea. Ni ushauri mzuri, nami niliutumia hapa. Ila peke yake usingemsaidia zaidi ya nusu ya hawa sita, na ungemtesa mmoja wao.

Walikotoka

Wanne walikuwa chotara wa mayai, wa rangi ya kahawia, walionunuliwa shamba kubwa wakiwa na wiki 17 hivi, umri ambao mitetea wengi huuzwa kwa kuwa kutaga kumekaribia. Tulimpigia muuzaji kumuuliza jinsi walivyolelewa. Walikulia kwenye ukumbi wa sakafu yenye maranda, bila ufito wowote, na taa zilizowashwa na kuzimwa kwa saa maalumu.

Wawili waliobaki walikuwa wa kienyeji, wote kutoka kwa mfugaji mmoja. Mweusi alikuwa tembe aliyekwisha kutaga na kuangua. Wa madoa alikuwa mdogo, bado hajataga. Kule kwao banda lilikuwa la kutagia tu. Usiku kuku walilala mtini.

Ukinunua kuku, uliza walikuwa wanalala wapi. Watu huuliza chakula na chanjo, na ni sawa waulize, lakini swali la malazi ndilo linalokuambia jioni yako ya kwanza itakuwaje. Hapa majibu mawili yalitosha kuonyesha kwamba tuna makundi mawili yasiyojua jambo moja kwa njia mbili tofauti: wanne hawakuwahi kuona machweo, na wawili hawakuwahi kulala chini ya paa.

Kuku wa kufugwa anatokana hasa na kuku mwitu mwekundu wa kusini na kusini mashariki mwa Asia, Gallus gallus, ambaye usiku hulala juu ya miti na mianzi. Msukumo wa kupanda juu giza linapokaribia umo ndani ya kuku wote, hata aliyezaliwa mashineni. Lakini msukumo huo unamtaka apande tu. Apande wapi, hilo hulijua kwa kuzoea. Tena unategemea mwanga unaofifia polepole. Ubongo wa kuku una seli zinazopokea mwanga moja kwa moja kupitia fuvu, na tezi yake ya pineali, iliyomo kichwani, hutoa melatonini, homoni ya usiku, giza linapoingia, kwa hiyo mwili wake unaisoma jioni hata pasipo msaada wa macho. Mtetea aliyelelewa kwenye taa inayozimwa kwa swichi hakupata kamwe ile nusu saa ya kujiandaa. Kwake yeye usiku ulikuja mara moja, akaketi pale alipokuwa.

Jambo hili linajulikana vizuri kwa wanaosimamia ufugaji mkubwa. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 kuhusu kuku wa mayai yanataka pawe na kipindi cha mwanga hafifu kabla ya giza ili kuku watulie bila bughudha wala kuumia. Kama kuku elfu kadhaa ndani ya ukumbi wanahitaji machweo ya kutengenezwa, hawa wanne waliokuja kwenye machweo ya kweli wakiwa wakubwa tayari walistahili kufundishwa.

Jioni ya kutazama

Nilimwomba jirani jambo moja. Jioni moja asimguse kuku yeyote mpaka giza litande. Tukae mbali, tutazame.

Nusu saa hivi kabla ya jua kuzama, wale wanne wa kahawia waliacha kuparura, wakaanza kuelekea nyumbani kwa watu. Walifika mlango wa nyuma, chini ya taa ya nje iliyokuwa imekwisha kuwashwa, wakasimama hapo bega kwa bega, shingo zimenyooka, wakitoa mlio mdogo wa chini. Banda hawakuligeukia hata mara moja. Mmoja aliendelea kudonoa kizingiti. Nilipouliza kwa nini hapo, jirani alijibu kwamba makombo ya jikoni na punje za jioni huwa anawamwagia hapo hapo mlangoni ili wamzoee. Basi chakula kilikuwa hapo, na mwanga ulikuwa hapo.

Giza lilipozidi nilimwomba azime taa. Wote wanne walichuchumaa palepale kwenye saruji kabla hata hatujafika walipo, na niliwaokota mmoja baada ya mwingine bila hata bawa kupigwa. Kuku mchana huona vizuri mno, rangi anazitofautisha kuliko sisi na hata miali ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni, anaiona, lakini seli za kuonea gizani anazo chache. Giza likishamkuta nje hatafuti tena njia. Hukaa. Kwa hiyo wanaosema “mwache, akichoka ataingia” wanamwachia paka, mbwa au nguchiro.

Mweusi alifanya mambo tofauti kabisa. Alikwenda bandani mwenyewe, mapema kuliko wote, akapanda ubao hadi kilangoni. Akasimama. Akachungulia kwa jicho moja, akageuza kichwa, akachungulia kwa la pili. Akashuka. Alizunguka banda lote, akarudi kilangoni, akachungulia tena, kisha akarukia nguzo ya ua, mahali pa juu kuliko pote hapo uani, akajipanga kulala. Wa madoa alimfuata kila alikokwenda, akashindwa kuruka, akajificha chini ya kichaka kilichokuwa karibu na nguzo.

Kuku anayepanda mpaka mlangoni, anatazama ndani na kurudi, amekwisha kukueleza shida iko wapi. Nikaenda kuangalia alichokuwa anakiona.

Nje, nilikuwa bado naweza kusoma maandishi kwenye mfuko wa chakula. Ndani, nilipoingiza kichwa kupitia mlango wa kusafishia, sikuuona ufito. Kwa jicho lililozoea mwanga wa nje, kilango kile kilikuwa shimo jeusi. Jambo la pili lilinipata puani kabla sijalitafuta: amonia, ile hewa kali inayotoka kwenye kinyesi. Madirisha yalikuwa yanafungwa tangu alasiri ili kuku wasipate baridi, na bati lililoota jua mchana kutwa lilikuwa bado linatoa joto kwa ndani. Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema na kwa kupitisha hewa chini ya mabawa. Mule hewa ya kupita haikuwepo. Jambo la tatu, ufito wenyewe ulikuwa bomba la plastiki, la mviringo na lenye kuteleza, na ulikuwa chini kuliko viota. Yaani mahali pa juu kabisa mule ndani palikuwa paa la viota, penye mteremko.

Mweusi alikuwa sahihi kulikataa banda lile.

Yaliyochunguzwa yakaonekana hayapo

Kabla ya kugusa chochote, yapo mambo matatu ambayo huwa nayaondoa njiani kwanza, maana yakiwepo, mafunzo yote ni bure.

La kwanza ni utitiri mwekundu. Huyu mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na ncha za fito, usiku hutoka kunyonya damu. Kuku waliokuwa wakiingia vizuri kisha ghafla wakaanza kulikataa banda, mshuku huyu kabla ya mwingine yeyote. Nenda usiku na tochi, pitisha karatasi nyeupe upande wa chini wa ufito. Ikitoka na michirizi myekundu, umempata. Banda jipya si kinga, kwa sababu anaweza kuja na kuku au na mbao zilizokwisha kutumika. Hapa karatasi ilitoka safi.

La pili ni mnyama anayewatisha usiku. Tulitazama mikwaruzo kwenye mbao, nyayo, matundu kwenye wavu, udongo uliochimbwa pembeni. Hapakuwa na kitu.

La tatu ni ugonjwa. Kuku mgonjwa hujitenga, hujikunyata, manyoya huyatimua, na gole lake, yaani mfuko wa chakula chini ya shingo, jioni huwa tupu wakati wenzake wameshiba. Tuliwapapasa wote sita. Magole yalijaa, macho angavu, miguu safi.

Banda kwanza, kuku baadaye

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi: siwafungii kuku kwenye banda ambalo tembe mwenye akili amelikataa. Ukiwafungia mahali pabaya, wanachojifunza ni kwamba pabaya.

Madirisha ya juu, karibu na paa, yaliwekewa wavu wa matundu madogo na kuachwa wazi usiku kucha, ili hewa chafu itoke juu ya vichwa vya kuku bila upepo kuwapiga walipolala. Watu huogopa baridi kuliko inavyostahili. Kuku mwenye manyoya makavu hustahimili baridi vizuri. Unyevu na amonia ndivyo vinavyomharibia macho na njia ya hewa. Chini ya bati liliongezwa dari la mbao nyembamba lenye nafasi katikati. Maranda yenye unyevu yalitolewa, yakawekwa makavu.

Bomba lilitolewa. Mahali pake pakawekwa mbao mbili bapa zenye upana wa sentimita 5, kingo za juu zimesuguliwa zikawa mviringo, zote kwa kimo kimoja, sentimita 60 kutoka sakafuni, na viota vikashushwa chini yake. Bapa ni bora kwa sababu kuku hulala ameketi juu ya miguu yake, na kukiwa na baridi manyoya ya kifua hufunika vidole. Maagizo yale ya Ulaya yanataka angalau sentimita 15 za ufito kwa kila kuku. Kwa kuku wa nyumbani, hasa wageni wasiozoeana, mimi naweka 25. Sikutaka kwenda juu zaidi ya hapo kwa ajili ya wale chotara, kwani wazito wakiruka kutoka juu kila alfajiri hupata vidonda vya nyayo.

Kisha nikaomba ubao wa tatu, wa chini, kwa sentimita 30. Huo ulikuwa wa wale wanne. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2000 uliwalea vifaranga wa leghorn, aina ya kuku wa mayai, kwa makundi mawili, moja likiwa na fito tangu siku ya kwanza, jingine bila fito mpaka wiki ya 8. Kufikia wiki ya 15 wote walikuwa wanalala juu ya fito. Lakini walipopimwa wiki ya 16 kwa kuwekewa chakula kwenye majukwaa ya juu, wale waliochelewa kupata fito walishindwa zaidi kadiri jukwaa lilivyoinuliwa. Kwa hawa wetu ninasoma mambo mawili humo: kwamba watajifunza, na kwamba mruko mmoja wa sentimita 60 kwa kuku ambaye hajawahi kupanda popote ni mbali.

Wiki ya kufungiwa

Methali inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Husemwa juu ya watu, lakini kwa kuku wenyewe ni maelekezo kamili. Kuku mgeni anayeachiwa siku ya kwanza hana nyumba. Ana mahali alipotolewa na mahali alipo. Kwa karibu wiki nzima hawa sita hawakutoka nje ya banda na ua wake wa wavu. Wengi huwaacha siku tatu. Kwa kuku waliokwisha kufukuzwa kwa fimbo jioni nyingi, nilitaka zaidi, kwa sababu palikuwa na hofu iliyopaswa kusahauliwa kwanza.

Fimbo na taulo vilipigwa marufuku. Taa ya mlango wa nyuma ilikatazwa kuwashwa kabla kuku hawajalala. Punje za jioni zilihamishwa moja kwa moja: zikawa zinamwagwa ndani ya banda, juu ya maranda, robo tatu ya saa hivi kabla ya jua kuzama, kwa mlio ule ule wa kugonga bakuli. Si mahali pengine popote, na si kwa saa nyingine. Punje nzima jioni zina faida yake pia, kwa maana hukaa goleni na kusagwa polepole usiku, na kuku aliyeshiba hutulia.

Ndani kuliwashwa taa ndogo hafifu, upande wa mbali na kilango, nyuma ya fito, kiasi cha kufanya ndani kuwe na mwanga kuliko nje wakati wa machweo. Wanne wa kahawia ndio waliolengwa. Kama walikuwa wakifuata taa hadi mlango wa nyuma, wangeifuata bandani. Waliifuata, jioni ile ile ya kwanza. Iwe taa isiyopata joto, ifungwe imara mbali na maranda.

Kuingia kulikuwa rahisi. Kulala juu ndiko kulikochukua muda. Punje zilipokwisha, wanne walirundikana pembeni sakafuni, mmoja juu ya mwingine, jinsi walivyozoea ukumbini. Kurundikana hivyo si jambo la kuachia. Wa chini anaweza kukosa hewa, na wote huamka na kinyesi tumboni. Kila usiku, taa ikishazimwa, jirani aliingia kimya na tochi yenye mwanga mdogo, akaweka kiganja chini ya kifua cha kuku, mkono wa pili juu ya mabawa, akamwinua na kuvigusisha vidole vyake kwenye ubao wa chini. Hapo hungoja. Usimwachie mara tu miguu inapogusa mbao. Mwachie utakaposikia uzito wake umehama kutoka mkononi mwako kwenda kwenye ubao. Ukimwachia mapema huanguka, na kuanguka gizani kunamfundisha kuuogopa ubao.

Taa yenyewe haizimwi ghafla. Jirani aliifunika kwa kitambaa kinene kwanza, dakika chache baadaye ndipo akazima, ili aliyekuwa sakafuni apate nafasi ya kuruka akiwa bado anaona.

Asubuhi tulisoma kinyesi. Kuku hukitoa usiku kwa wingi, na kwa kuwa hasogei, kilipo ndipo alipolala. Siku za mwanzo kilikuwa pembeni, chungu kimoja kikubwa. Kisha vikaanza kuonekana vichungu vidogo viwili chini ya ubao wa chini, kabla hata hatujawaona wenyewe wakipanda. Kabla ya wiki kwisha pembe ya banda ilikuwa kavu.

Mweusi na nguzo yake

Mweusi aliupanda ubao wa juu usiku wa kwanza baada ya matengenezo, bila kuguswa. Sikushangaa. Alichokuwa anakidai alikwisha kupewa: hewa, kimo, na mahali pa kukamatia vidole.

Shida yake ilirudi siku ya kuachiwa. Kuku waliofungiwa hawaachiwi asubuhi. Walifunguliwa saa moja hivi kabla ya machweo, wakiwa hawajapewa punje, ili matembezi yawe mafupi na njaa iwarudishe. Bakuli lilipogongwa wanne wa kahawia waliingia mbio, wa madoa nyuma yao. Mweusi aliingia, akala, akatoka, akaenda zake nguzoni.

Jirani alitaka kumkata manyoya ya bawa moja. Hakuna ubaya wa kudumu katika hilo, yakikatwa vizuri hayaumi na huota tena baada ya kunyonyoka, lakini nilimwomba asubiri. Kuku anayelala nje jioni moja moja anahitaji mabawa yake kuliko kuku mwingine yeyote. Badala yake tuliiharibu nguzo. Juu yake palipigiliwa kipande cha ubao kilicholala mshazari, kiasi kwamba mguu haushiki. Mweusi aliruka, akateleza, akarudi chini, akajaribu tena, akatembea uani akitazama juu kila upande. Mahali pa juu palipobaki palikuwa ndani. Tuliyaongeza matembezi kidogo kidogo, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuaminiwa na siku nzima ya uhuru.

Wa madoa

Walipokuwa wakikataa kuingia wote, wa madoa alionekana ni mmoja wa kundi. Walipoanza kuingia wote, yeye alibaki kilangoni. Alikuwa anaingia kula na wenzake, lakini saa ya kupanda ilipofika alitoka tena, akasimama kwenye ubao wa kupandia, giza likamkuta hapo. Ukimtazama harakaharaka ungedhani ni mzito wa kujifunza. Jirani alianza kumchukua mkononi kila usiku na kumpandisha, na kila asubuhi manyoya mawili matatu ya madoa yalikuwa sakafuni.

Tulichungulia kupitia ufa. Mmoja wa wale wa kahawia, mwenye undu mkubwa kuliko wenzake, alikuwa amejichukulia mwisho wa ubao ulio karibu na kilango. Kila aliyeingia alipita chini ya mdomo wake. Wenzake walipita, mweusi alipita na yule mwenye undu mkubwa ndiye aliyesogea; wa madoa alipopita alidonolewa utosini, akarudi nyuma. Kwa kuwa njia ilikuwa hiyo moja, kila jioni alidonolewa pale pale.

Utaratibu huu wa nani amdonoe nani ulielezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya kuwatazama kuku tangu utotoni. Hauondoki kwa kumwonea huruma wa chini, na hauondoki kwa kumwadhibu wa juu. Kuku sita waliokutana karibuni lazima wajue nani ni nani, na saa ya kugombea nafasi za kulala ndiyo saa yenye vurugu kuliko zote za siku. Mwenye nyumba hawezi kubadilisha mpangilio wao, lakini umbo la chumba anaweza.

Mbao mbili za juu zilisogezwa mbali na kilango, na mwisho ule uliokuwa ukikaliwa na mbabe ukakatwa, mahali pa mtu mmoja tu. Mlango wa kusafishia ulitobolewa kilango cha pili upande wa pili wa banda, chenye kufungwa usiku. Nafasi kati ya mbao hizo mbili iliachwa pana, zaidi ya urefu wa shingo ya kuku, ili aliyeketi ubao mmoja asimfikie aliyeketi wa pili. Pia ilisaidia kwamba mbao zote mbili zilikuwa na kimo kimoja. Ukiweka ngazi za vimo tofauti, wote hutaka wa juu, na ugomvi huisha kwa mtu kuanguka.

Wa madoa alianza kupitia kilango cha pili ndani ya siku chache. Analala ubao wa nyuma, kando ya mweusi. Ningependa kusema mbabe alimzoea, lakini sivyo. Mchana bado anamfukuza kwenye chombo cha chakula, na kwa hilo kiliongezwa chombo cha pili.

Viota na taa

Mmoja wa wale wanne, alipojua kupanda, aliamua kulala ndani ya kiota. Hili huachwa na wengi kwa kuwa halina kelele, kisha mayai yanapokuja yanakuwa yamepakwa kinyesi. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa anataga bado isipokuwa mweusi, viota vyote vilizibwa kwa ubao kila alasiri, baada ya saa za kutaga, na kufunguliwa alfajiri. Wale wanne walipoanza kutaga, tabia ya kiota ilikuwa imekwisha kufa.

Taa ya bandani iliondolewa mara tu wanne walipokuwa wanaingia kwa kufuata bakuli na wenzao, kila jioni ikiwashwa kwa muda mfupi zaidi kuliko ya jana. Usiiache iendelee kwa kuwa imesaidia. Mwanga wa ziada ndio unaoamsha utagaji, na mtetea anayesukumwa kutaga kabla mwili haujakomaa hupata shida za mayai makubwa kupita kiasi na kizazi kutoka nje. Tena kuku anahitaji giza la kweli, lisilokatizwa, kwa karibu theluthi ya siku.

Swali la mwisho la jirani lilihusu mlango unaojifunga wenyewe. Ni kifaa kizuri, lakini kwa hawa nilimwambia asubiri mpaka yapite majuma kadhaa ambayo wote sita wameingia bila kuitwa. Mlango hufunga kwa wakati wake; haujui kuhesabu, na aliyebaki nje anabaki nje usiku kucha. Ukiutumia, chagua unaopima mwanga, kwa sababu wa saa huhitaji kurekebishwa kila jua linapohama. Karibu na ikweta machweo hayabadiliki sana mwaka mzima ila giza huingia upesi, na kuku aliyechelewa ana dakika ishirini na kidogo tu tangu jua lizame. Mbali na ikweta machweo ni marefu, lakini saa yake husogea sana kutoka msimu hadi msimu. Weka nafasi ya dakika kadhaa baada ya kuku wa mwisho kuingia. Hapa wa mwisho ni wa madoa, ambaye hadi leo hungoja mbabe apande ndipo aingie, kwa hiyo mlango utafuata saa yake yeye.